Gitaa Lenye Mabawa Mawili

Kila alasiri, akisharudi kutoka shule, Chiriku alikuwa na kazi zake zisizobadilika. Alivua sare, akafua soksi, akafagia chumba ambamo mama yake alishonea nguo za watu, akaokota pini zilizoanguka chini ya cherehani. Hapo ndipo alipopata ruhusa ya kukaa kwenye kigoda karibu na dirisha na kufanya jambo alilolipenda kuliko yote: kuimba kwa sauti nzito ya kifuani, du-du-dum, huku vidole vikitembea juu ya mpini wa fagio. Walimwita Chiriku kwa sababu ya mdomo wake usiojua likizo, lakini akishika mpini ule hakuwa na maneno na mtu.

"Wenzako wanaimba nyimbo," mama alikuwa akimtania, "wewe unaimba miguu ya nyimbo."

Na kweli ilikuwa miguu. Katika bendi ya shule, Chiriku alikuwa amechaguliwa kupiga besi, lile gitaa la sauti nzito ambalo watu hawalisikii mpaka linyamaze. Alikuwa akijifunzia kwenye gitaa la mwalimu wa muziki. Ndipo siku moja mwalimu alipomwambia kwamba fundi wa ala za muziki amefufua magitaa mawili ya besi ya zamani, naye yuko tayari kuyaazima kwa shule mbili hadi mwisho wa mwaka.

"Shule yetu imepewa nafasi ya kuchagua kwanza," mwalimu alisema. "Wewe ndiye mpigaji, basi chagua wewe."

Walikwenda watatu: mwalimu, Chiriku na rafiki yake mpiga ngoma, msichana mnene wa sauti na mfupi wa kimo, ambaye darasa zima lilimwita Kifupi. Karakana ya fundi ilikuwa imejaa redio zilizopasuliwa matumbo, spika zisizo na nyuso na nyaya zilizosokotana kama nywele za mtu aliyeamka sasa hivi. Magitaa yale mawili yalikuwa yamening'inizwa ukutani.

La kwanza lilikuwa la kahawia, la mviringo, gitaa kama magitaa mengine. La pili lilikuwa jeupe, nalo halikuwa na tumbo. Lilianzia shingoni likagawanyika kuwa mabawa mawili marefu yaliyochongoka kwenda nyuma, kama mkia wa mbayuwayu.

"Chukua hilo la mabawa," Kifupi alimnong'oneza. "Watu watasahau kupepesa macho."

"Gitaa halichaguliwi kwa macho peke yake," fundi alisema, maana alikuwa na masikio mepesi. "Livae kwanza."

Chiriku alilivaa la kahawia. Shingo ya gitaa hilo ilikuwa ndefu, na kidole chake cha mwisho kilijinyoosha mpaka kikauma. Akalivaa jeupe. Shingo ilikuwa fupi kidogo, na vidole vilifika vilikotakiwa kufika. Alipogusa uzi mnene, sauti ilipita kwenye mbao ikaingia kifuani mwake. Akapenda. Lakini je, aliyependa ni kidole au ni jicho? Yeye mwenyewe hakujua, na hakutaka kuulizwa.

"Hili," alisema.

"Hili lina tabia zake," fundi alisema. "Una swali lolote?"

Chiriku alimtazama Kifupi aliyekuwa akitabasamu hadi magego. "Sina," akajibu.

Taabu ilianza siku hiyohiyo. Alikaa kwenye kigoda, akaliweka gitaa juu ya paja kama alivyozoea kuliweka la mwalimu, nalo likateleza kama samaki mbichi hadi sakafuni. Akaliweka tena. Likateleza tena. Akalibana kwa kiwiko. Likatulia, lakini mkono ukawa mfungwa, haukuweza kupiga. Aliposimama, mambo hayakuwa kama karakanani, maana huko alipiga sauti chache tu. Sasa kadiri alivyopiga, shingo ya gitaa ilizidi kuinama kuelekea chini, na mkono wa kushoto, badala ya kubonyeza nyuzi, ukawa mhimili wa kubebea.

Washauri hawakukosekana. Kaka yake alimwambia aweke mto pajani. Kifupi alimwambia akaze mkanda mpaka gitaa lifike kidevuni. Jirani mmoja, aliyedai aliwahi kupiga muziki ujanani, alimwambia alishushe magotini kama wanamuziki wa kwenye picha. Chiriku alijaribu la huyu, akajaribu la yule, kisha akajaribu yote kwa pamoja. Bega likamuuma, kifundo cha mkono kikavimba, na besi ikawa mbovu kuliko jana.

"Mbona miguu ya wimbo inachechemea?" Kifupi alimuuliza mazoezini.

Kuna wakati Chiriku aliona gitaa ndilo lenye kosa. Kuna wakati aliona kosa ni vidole vyake. Wakati mwingine aliwaza kwamba labda hakuzaliwa kupiga besi, na zile siku za mpini wa fagio zilikuwa zikimdanganya. Mwalimu alipomuuliza kama ameelewana na gitaa lake, alijibu, "Tumeelewana, Mwalimu," kisha akashangaa maneno hayo yametoka wapi.

Siku ya wazazi ilipokaribia, hofu ikamshinda. Alimfuata mwalimu mlangoni pa darasa akasema haraka, "Mwalimu, lile gitaa ni bovu. Nyuzi hazikai kwenye sauti zake."

"Umehakikisha?"

"Nimehakikisha."

Mwalimu akampelekea fundi habari. Kesho yake alasiri walilipeleka kwa fundi.

Huko walimkuta mvulana wa shule ya pili, ameketi kwenye benchi na kukumbatia lile gitaa la kahawia.

"Nimemwomba mwenzako alilete," fundi alimweleza Chiriku. "Siku yenu ya wazazi iko karibu kuliko ya kwao. Utatumia hili wakati ninatibu la kwako."

Mvulana alisimama, akalifuta gitaa kwa mkono wa shati lake, akalinyoosha kwa Chiriku. "Uzi mnene uuguse polepole," alisema. "Ukiulazimisha, unanguruma. Nilikuwa nimeanza kuuzoea." Ncha za vidole vyake zilikuwa zimeota sugu.

Chiriku alilipokea, nalo likawa zito mikononi mwake kuliko alivyolikumbuka.

Fundi alilikaza uzi kwa uzi gitaa jeupe, akapiga, akatega sikio, akangoja, akapiga tena. "Sauti haijasogea," alisema. "Sioni ugonjwa. Lakini mpigaji ndiye anayelala na mgonjwa; kama amesema ni bovu, nitalifungua lote nitazame ndani." Akachukua bisibisi.

Chiriku alimtazama fundi, akamtazama mvulana ambaye sasa hakujua pa kuweka mikono yake mitupu.

"Usilifungue, fundi," alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo hata yeye hakuitambua. "Si bovu. Linaniteleza. Nikikaa linaanguka, nikisimama linainama. Sijui kulishika, nikaona haya kuuliza, kwa sababu nililichagua mwenyewe mbele ya watu."

Mwalimu alimgeukia.

"Mwombe radhi mwenzako kwanza. Yeye ndiye aliyeubeba mzigo wa maneno yako mpaka hapa."

Chiriku alimrudishia mvulana gitaa lake na kumwomba radhi, macho yakiwa chini.

"Hata mimi langu lilinisumbua," mvulana alisema, akilikumbatia upya. "Nilimuuliza fundi maswali mpaka akachoka."

"Sikuchoka," fundi alisema. "Nilinyamaza ili nipate kuvuta pumzi."

Hata mwalimu alicheka. Kisha fundi alimketisha Chiriku kwenye benchi. "Hilo pengo kati ya mabawa unadhani ni urembo? Ingiza paja lako la kulia humo. Bawa moja lipite nje ya paja, jingine likae katikati ya magoti. Sasa inua shingo ielekee begani."

Chiriku alifanya hivyo. Akaondoa kiwiko. Akaondoa na mikono yote miwili. Gitaa halikusogea.

Kwa kusimama, fundi aliutoa mkanda wa nailoni uliokuwa ukiteleza begani, akafunga mpana wa ngozi, wenye upande wa ndani unaokwaruza. "Huu utaling'ang'ania bega. Na gitaa likae palepale linapokaa ukiwa umeketi, si kidevuni wala magotini."

Usidhani mambo yalinyooka papo hapo. Vidole vilikuwa vimezoea shingo iliyoinama, na sasa ilipoinuka vilipotea njia kama mgeni mjini. Chiriku alichanganyikiwa upya. Tofauti ni kwamba sasa alikwenda na kila swali kwa mwalimu, mengine ya maana, mengine ya kuchekesha, na kila alasiri alianza upya, polepole, mpaka mikono ikaacha kumuuliza ikae wapi.

Siku ya wazazi, watu walilikodolea macho gitaa lenye mabawa. Katika wimbo wa pili Chiriku alikosea sauti moja, akababaika, ngoma ya Kifupi ikamngoja, akaishika tena njia. Wimbo ulipokolea, wazazi walisahau umbo la gitaa wakaanza kutikisa vichwa, na mama yake alikuwa akigonga mguu sakafuni.

Baadaye, wakikunja nyaya, Chiriku alimwomba mwalimu ruhusa ya kwenda kumsikiliza yule mvulana siku ya shule yao.

"Tutakwenda sote," mwalimu alisema. Akaketi kwenye ukingo wa jukwaa. "Kutojua si kosa, mwanangu. Sote tunaanzia huko. Lakini ukificha kwamba hujui, itabidi utafute wa kumtupia lawama. Wewe ulianza na gitaa, ambalo halina mdomo wa kujitetea, na baada yake ikawa zamu ya mtoto wa watu. Swali lingekuaibisha kwa dakika moja. Uongo ulikusumbua siku zote zile, ukamfikia hata asiyehusika."

"Nimeelewa, Mwalimu," Chiriku alisema, na safari hii alikuwa ameelewa kweli.

"Basi shika upande huo wa spika," mwalimu akasema, nao wakainyanyua pamoja.