Dakika Kumi na Tisa

Alhamisi, saa kumi alasiri, Lavender alilivuta begi lake kutoka chini ya kitanda, na papo hapo akajua kwamba mkono wa mtu umepita humo. Lilikuwa begi laini la turubai, kama wenye meli walivyoagiza, kwa kuwa vyumba vya kulala melini havina pa kuweka sanduku gumu. Kesho kutwa angekwenda Shimoni kupanda meli hiyo na kukaa baharini siku saba, akizamia na wageni mara tatu au nne kwa siku. Asidhani mtu ilikuwa safari ya anasa. Alikuwa amepata kazi ya kumsaidia kiongozi wa wazamiaji, na nafasi ilikuwa moja tu.

Kilichokosekana ni kipochi cha plastiki kisichoingiza maji. Ndani yake mlikuwa na kadi yake ya uzamiaji, cheti cha daktari na daftari la kila safari aliyowahi kwenda chini ya maji. Bila kadi ile hakuna nahodha ambaye angempandisha.

Lavender hakutafuta mara mbili. Alitoka hadi uani, mama yake alikokuwa akifua nazi, akamuuliza amekificha wapi.

Mama huyo, Mbeyu, ambaye wengi pale Kisauni walimwita Mama Munga, aliuza nazi sokoni Kongowea na siku hiyo alikuwa amerudi saa tisa u nusu. Wiki nzima alikuwa akiisema safari ile vibaya. Alishasema waziwazi kwamba bahari imemchukua mtoto mmoja na hatakubali iwachukue wote wawili. Sasa akaapa kwamba hakuligusa begi, na binti yake akamwambia hamwamini. Maneno yaliyofuata hayakufaa kusemwa na mtu kwa mamake. La mwisho lilikuwa kwamba akikosa meli ataondoka nyumbani na hatarudi, hata wa kuzikana hawatakuwa.

Ndipo alipoingia Koplo Agneta, jirani wa mlango wa pili, bado amevaa viatu vya kazi. Alikuwa mpelelezi mwenye miaka kumi na tisa kazini, mwanamke mnene, mpole wa sauti, na mwenye tabia ya kuketi kabla ya kukaribishwa. Aliwapenda watu wa nyumba ile, na kwa miezi kumi na moja alikuwa hawezi kuwatazama machoni sawasawa. Munga, kaka yake Lavender, alipokufa baharini Machi iliyopita, ni Agneta aliyeandika taarifa: marehemu alichukua vifaa vya kituo cha uzamiaji bila ruhusa siku ya mapumziko, Jumapili saa moja asubuhi, akazamia peke yake. Aliandika kama alivyoambiwa. Tangu siku ile Mama Munga hakulia. Alikuwa amemkasirikia marehemu kwa ukaidi wake, na kule Rabai walikomzika alikataa kutia udongo kaburini.

Agneta aliomba aonyeshwe begi. Akauliza mambo madogo madogo, moja baada ya jingine, kama mtu achambuaye mchele. Ufunguo huwekwa wapi? Ndani ya kinu kilichopinduliwa kando ya mlango. Nani ajuaye? Mama Munga akacheka kwa uchungu, akasema tangu siku za matanga kila aliyekuja kuchota maji au kupika alikuwa anaujua.

“Lavender, lilikuwa limepangwa hivi ulipoliacha asubuhi?”

Binti akatazama tena. Hasira ilikuwa imemziba macho. Aliliacha shaghalabaghala, akasema, kwa sababu alikuwa bado anachagua. Sasa mapezi yalikuwa yamesimamishwa ubavuni, kushoto na kulia, na kifaa cha kupumulia kimekunjwa katikati ya suti ya mpira ili kisigongwe.

Agneta akakitoa. Katika sehemu inayofungwa kwenye mtungi wa hewa palikuwa na kifuniko kidogo cheusi cha kuzuia maji na vumbi, kimekazwa.

“Hiki nilikiacha wazi,” Lavender akasema polepole. “Nilikiosha asubuhi, kikabaki na unyevu. Nilitaka kikauke kwanza.”

Agneta akakizungusha, akakifungua. Ndani mlikuwa na tone la maji. Akakiweka mezani.

Mtu wa kwanza kuulizwa alikuwa Musyoka, mpangaji wa chumba cha mbele, aliyefanya kazi zamu ya usiku kiwandani Changamwe na kulala mchana. Mambo hayakumkalia vizuri. Mara mbili alikuwa ameomba kuuziwa mapezi ya Munga, na mchana kutwa alikuwa peke yake uani. Alipoona koplo mlangoni alianza kutoka jasho kabla hajaulizwa.

Alisema kwamba mnamo saa saba alisikia kinu kikisogezwa, mlango ukafunguliwa, kisha zipu. Zipu iliendelea kwa muda. Alidhani ni Lavender, akajifunika shuka. Agneta akamkabidhi kile kifaa cha kupumulia na kumwomba akifunge tayari kwa safari. Musyoka akakigeuzageuza, akaning'iniza mipira yake ya kupitishia hewa shingoni kama nyoka aliyekufa, akauliza kinafungwa wapi. Kifuniko hakukiona hata kidogo. Koplo akamshukuru na kumwacha arudi kulala.

Jaribio hilo hilo alimfanyia Mama Munga, bila ya kumwambia kwamba ni jaribio. Mama alikishika kwa ncha za vidole, akakiweka chini haraka. Kilikuwa cha Munga.

“Mamako hakuligusa begi,” Agneta akamwambia Lavender walipobaki wawili. “Mtu aliyelifungua ni mzamiaji. Alikuja kuiba na hata hivyo mikono yake ikapanga, ikafunika, kama ilivyozoea. Sasa niambie, kadi yako ina faida gani kwa mtu mwingine?”

“Haina, Anti. Ina picha yangu.”

“Basi hakuifuata kadi. Kipochini hukuwa unaweka kitu kingine?”

Lavender akafikiri. Akasema hukaa saa ya Munga, ile ya kuzamia, inayoonyesha kina na dakika. Ilirudishwa pamoja na nguo zake ikiwa imezimika. Asubuhi ile, saa mbili, alikuwa ameipeleka kwa Anwar, fundi saa wa Kongowea, aitie betri mpya, maana alitaka kuivaa melini.

“Nani alijua kwamba utaivaa?”

“Nilimwambia mwalimu wangu wa uzamiaji jana. Akaniambia saa ile imekufa, niitupe, ataniazima yake. Lakini kuhusu kuipeleka kwa Anwar sikumwambia mtu.” Akanyamaza. Uso ulimbadilika. “Anti, si mwalimu. Mwalimu Bramwel ndiye aliyenitafutia kazi hii.”

Bramwel alikuwa na kituo kidogo cha uzamiaji huko Shanzu. Alitoka bara miaka ishirini iliyopita bila ya kujua kuogelea, na sasa hakuna aliyeyajua maji yale kumshinda. Ndiye aliyemfundisha Munga, kisha Lavender. Ndiye pia aliyetoa ile taarifa ya Machi, na Agneta akaiandika neno kwa neno.

Usiku ule koplo hakupata usingizi wa maana.

Ijumaa saa tatu asubuhi, yeye na Lavender walikuwa mbele ya kibanda cha Anwar, katikati ya mikokoteni na malori ya vitunguu. Anwar alikuwa ametia betri, akabadilisha pia mpira wa kuzuia maji, kisha akaizamisha saa katika sufuria ya maji kwa nusu saa nzima kuhakikisha. Alisema ni saa ya watu wanaojua kazi, betri ikifa kumbukumbu haifi. Akampa Lavender, kwa kuwa yeye hakujua kuisoma.

Lavender alibonyeza hadi safari ya mwisho. Kioo kidogo kilichora mstari ulioshuka, ukalala, ukapanda, ukalala tena.

“Jumapili ile,” akasoma. “Alianza saa tisa kasoro dakika nane alasiri. Alasiri, Anti, si asubuhi. Kina mita thelathini na nane. Halafu akapanda hadi mita sita, akakaa.”

Agneta akauliza kwa nini akae. Lavender akamweleza kwamba mtu akikaa sana chini hivyo, damu yake hujaa hewa. Ni lazima asubiri karibu na juu hewa ile itoke polepole, la sivyo humgeukia povu mwilini na kumuua. Saa ilimtaka Munga asubiri dakika ishirini na sita. Mtungi mmoja haungemtosha, na yeye alilijua hilo.

“Hakuna anayefanya hivyo peke yake,” Lavender akasema. “Anayekwenda hivyo ameahidiwa mtungi wa pili. Unateremshwa kwa kamba kutoka botini, anaukuta pale mita sita. Alisubiri dakika kumi na tisa. Halafu mstari unapanda juu ghafla.”

Akakaa juu ya gunia la vitunguu la mtu asiyemjua, akalia mbele ya soko zima. Agneta alisimama kando yake na kuwakinga wapita njia. Alilia pia, kidogo, akajifuta kwa mkono wa shati.

Bramwel alifika Kisauni saa tisa alasiri, kama alivyoahidi, kulikagua begi kwa mara ya mwisho. Alimwamkia Mama Munga shikamoo, akaketi kochini, akaelezwa habari za wizi, akawasikitikia. Alisema atapiga simu melini, pengine wakubali nakala za kadi. Alikuwa mtu mzuri wa sura, na wasiwasi wake kwa Lavender haukuwa wa kuigiza. Jambo hilo ndilo lililomuumiza Agneta zaidi.

Mezani kilikuwa kimewekwa kile kifaa cha kupumulia, kifuniko chake kikining'inia wazi. Koplo alizungumza habari za safari, za joto, za barabara ya Shimoni. Bramwel aliitikia, na huku akiitikia mkono wake ukaenda mezani, ukashika kifuniko, ukakizungusha mpaka kikakaza. Hata hakukitazama.

“Jana saa saba ulikifunga hivyo hivyo, mwalimu,” Agneta akasema. “Kilikuwa na maji ndani.”

Bramwel akautazama mkono wake. Agneta akaiweka saa ya Munga mezani, ikiwa inawaka.

“Saa ikikaa bila betri hupotea majira,” Bramwel akasema hatimaye. “Haiwezi kuwa ushahidi.”

“Jumamosi, siku moja kabla, Munga na Lavender walizamia pamoja. Lavender aliandika katika daftari lake saa nne na dakika kumi. Daftari uliliiba, lakini Jumatano alikuwa amezipiga picha kurasa zote kuwatumia wenye meli. Saa hii inasema saa nne na dakika kumi. Siku moja baadaye ilikuwa bado sawa. Kwa hivyo Munga alizamia alasiri, na alikuwa anangoja mtungi. Alikuwa anaungoja kutoka kwa nani?”

Nje Musyoka alikuwa anasukutua meno.

Ndipo Bramwel akasema. Nanga ya boti ya mgeni ilikuwa imekatika mita thelathini na nane chini, na mgeni aliitaka siku ile ile. Munga akakubali kuifuata. Walikubaliana kwamba asipande hata itokee nini, angoje mita sita, mtungi wa pili utamfikia. Alipokuwa chini mke wa mgeni akashikwa na ugonjwa, akitapika na kulia arudishwe. Bramwel akaona dakika kumi zinatosha kumfikisha pwani na kurudi. Akaenda. Pwani injini ikakataa kuwaka.

“Niliporudi alikuwa anaelea,” akasema. “Mgeni aliondoka nchini kesho yake bila kujua. Mimi nikaona nitafungiwa kituo, nitafungwa mwenyewe. Nikasema alienda peke yake. Mama, tangu siku hiyo nimejaribu kumlea Lavender kama wangu. Kazi hii nilimtafutia kwa sababu hiyo. Aliposema ataivaa ile saa, nikachanganyikiwa, nikabeba kipochi nikidhani imo ndani.”

Mama Munga alikuwa hajasogea. Alikuwa akimtazama si kwa hasira, bali kama mtu anayejitahidi kusikia kitu kilicho mbali.

“Ulimwambia asipande,” akasema.

“Ndiyo, mama.”

“Naye hakupanda.”

“Hakupanda mpaka hewa ilipokwisha.”

“Miezi kumi na moja nimemwita mwanangu mkaidi,” Mama Munga akasema. “Nimemnyima udongo wangu. Nawe ulikuwa ukija hapa kula kwangu, ukinisikia.”

Bramwel aliinamisha kichwa na hakukiinua tena. Kipochi kilikuwa kwenye gari lake, chini ya kiti, na vyote vilikuwamo. Konstebo wawili waliokuwa wakingoja nje wakamchukua. Agneta akabaki nyuma. Alimwambia Mama Munga kwamba taarifa ile ya Machi ni mwandiko wake, kwamba hakuuliza maswali aliyopaswa kuuliza, na kwamba jioni hiyo ataandika nyingine na kulitaja kosa lake. Mama hakumwambia kwamba si kitu. Alimwambia aandike vizuri.

Lavender alipiga magoti mbele ya mama yake, akaomba radhi kwa maneno ya jana, akasema haendi tena, meli na iondoke. Mama Munga akakishika kichwa cha binti yake kwa mikono miwili.

“Utakwenda. Kaka yako alifanya kazi yake kama alivyofundishwa, na wewe ukafanye yako. Wakikwambia ungoje, kwanza hakikisha huyo anayekwambia hatoki pale.”

Agneta akanyoosha mkono kuichukua saa, kwani ilikuwa sasa kielelezo cha mahakamani na ilibidi itiwe kwenye bahasha na kufungwa lakiri. Mama Munga akaiwahi.

“Niachie dakika kumi na tisa,” akasema.

Akaketi mkekani, saa kiganjani, macho kwenye kioo. Lavender akalala ubavu, kichwa kwenye mapaja yake. Dakika ya tatu au ya nne machozi yakaanza kumtoka mama, yale ya Machi, bila sauti, na hakuyafuta. Agneta aliketi kwenye kiti cha karibu na mlango, bahasha magotini, akangoja nao mpaka zikatimia.