Kilo Sitini na Mbili

Uzito ulikataa kulingana na hesabu, na hapo ndipo yote yalipoanzia. Mzee Breki, jina alilopewa na madereva wenzake kwa kukanyaga breki kabla hata kona haijaonekana, alikuwa amepima kila alichopakia kwenye kijumba chake cha magurudumu, kile cha kufungwa nyuma ya gari: godoro, jiko, madumu ya maji, mpaka vijiko. Kwa hesabu yake, pamoja na kijumba chenyewe, zilikuwa kilo mia tisa na kumi. Mizani ikasema mia tisa sabini na mbili.

Msidhani ni jambo dogo. Binti yake wa pekee alikuwa amejifungua huko mwisho wa ramani, naye alishaapa kwamba mtoto hapewi jina mpaka babu afike, Jumamosi. Kwa wiki tatu mzee alikuwa ameinamia ramani kwenye meza ya kulia, penseli sikioni, akipanga njia. Kupitia mlimani ni siku nne; kuuzunguka mlima ni siku nane. Na kwa mteremko ule, breki za gari lake la zamani zisingehimili kijumba kilichozidi kilo mia tisa hamsini.

Akashusha vitu vyote. Kikiwa kitupu, kijumba kilitakiwa kuwa na kilo mia saba. Mizani ikasoma mia saba sitini na mbili.

Rafiki yake msimamizi wa mizani, ambaye kila mtu alimwita Kilo, akamtania kwamba amemficha mchumba humo. Wakacheka. Kisha, mchana kweupe, kitanda kikalia mle ndani, kama mtu anayejigeuza upande wa pili, na mlangoni ikatoka harufu ya moto uliozimwa kwa maji.

"Kaka," Kilo akanong'ona, "humo kuna nani?"

"Nimetoa hata godoro," mzee akajibu.

Kilo hakungoja aambiwe. Alimleta mganga, mama mmoja wa makamo mwenye mkoba wa sokoni, asiyepoteza maneno. Akakizunguka kijumba mara moja, akauliza swali moja tu: kabla ya kuwasha gari, mzee husema nini?

Mzee Breki akaona haya. Kijumba walikinunua yeye na mkewe, kwa safari hiyo hiyo ya mbali ambayo kila mwaka waliisogeza mbele. Kila walipotoka, yeye aliuliza kutoka kwenye usukani, "Mama, tuko tayari?" Mkewe, akiwa ndani anafunga makabati, aligonga ukuta mara mbili, kisha akaja kukaa kando yake. Mwaka wa pili sasa mkewe yuko kaburini, na yeye bado huuliza kila anapopasha injini moto uani. Mazoea tu. Wiki tatu zilizopita akajibiwa.

"Na ulipojibiwa?" mganga akauliza.

"Nilifurahi, mama. Sitakudanganya."

Mganga akamtazama kwa huruma. "Si mkeo huyo. Hana kwao, hapandi asipoalikwa, na hushuka penye mtoto mchanga. Nitamtoa. Lakini usiulize tena."

Akafukiza, akanyunyiza maji ya chumvi kwenye pembe zote nne, akisoma dua polepole, mpaka kijumba kikatikisika na mizani ikarudi mia saba kamili. Kilo akakaa chini palepale.

Mzee akapakia upya, akaondoka. Siku ya kwanza hakusema neno, siku ya pili alizungumza na redio, na siku ya tatu, alipofika kileleni, redio haikushika tena, ukungu ukafunika barabara mbele na nyuma, na simu ikaita, binti yake akiuliza, "Baba, uko peke yako huko juu?" naye akajibu kwamba ndiyo, yuko peke yake, na mtandao ukakatika kabla hajamuuliza mtoto analala vipi.

Akabaki ameshika usukani. Kiti cha kando kilikuwa na ramani tu, imekunjwa alivyozoea kuikunja mkewe. Alilia. Alimkumbuka mganga, alimkumbuka mjukuu, alijua vizuri sana kwamba kinachojibu si yule anayemtaka, na bado mdomo wake ukafunguka.

"Mama, tuko tayari?"

Kimya. Akashusha pumzi, nusu kwa aibu, nusu kwa nafuu, na kabla pumzi haijaisha ukuta wa kijumba ukagongwa mara mbili, kisha zikasikika hatua kwenye changarawe, taratibu, zikizunguka gari kwa nyuma, na mlango wa abiria ukafunguliwa, na ramani ikahamishiwa juu ya dashibodi, na kiti kikabonyea, na mkanda ukafungwa, na gari zima likajaa harufu ya moto uliozimwa kwa maji.

Mzee Breki hakugeuka kutazama. Aliachia breki, akaanza kuteremka kuelekea kwa mjukuu wake.