Saa ya Mjomba na Sauti ya Bibi Ludovika

Asubuhi za kijiji cha Nambis huanza na ukungu. Efrazia, mwanafunzi wa darasa la sita, alikuwa amezoea kuamka ukungu ungali umelala juu ya mashamba. Alipiga goti kando ya kitanda akasali sala yake fupi, kisha akaenda zizini kumshika ndama wakati mama yake akikamua. Akishafagia uwanja alikunywa chai ya maziwa na kiporo cha viazi, akaoga, akavaa sare yake na kwenda shuleni.

Msimu ule wa kuvuna maharage walikuwa na mgeni. Mjomba Wilbard, mdogo wake mama, alikuwa mkimbiaji. Alifanya mazoezi yake Arusha, lakini kabla ya mashindano alipenda kurudi kujinoa kwenye vilima vya kwao. Kila asubuhi aliingia uwanjani jasho likimtiririka, macho yakiwa kwenye saa iliyokuwa mkononi. Saa hiyo haikuonyesha majira tu. Ilipima umbali na mapigo ya moyo, tena ilihifadhi nyimbo, ambazo Mjomba alizisikiliza kwa hedifoni ndogo zisizo na waya.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba, fundi. Umeamkaje?"

"Salama. Leo moyo umekwendaje?"

"Pale kilimani ulipiga kama ngoma ya harusi. Sasa umetulia, unadai chai."

Alimwita fundi kwa sababu nyumba yao ilikuwa na umeme wa jua wa kutosha, hivyo kompyuta ya kwaya ya kigango, kanisa lao dogo la kijijini, ilitunzwa pale, na hakuna aliyeizoea kuliko Efrazia. Mama yake, Marieta, alikuwa katibu wa kwaya. Ndiye aliyetunza pia kinasa sauti ambacho kwaya ilikinunua kwa kuuza kuku na mahindi.

"Nina ombi," alisema Mjomba siku hiyo ya Jumatano. "Nataka kukimbia na ule wimbo wa Kiiraqw aliouongoza Bibi Ludovika. Nimechoka na nyimbo za mjini, zinaniharakisha bure."

Mama alicheka. "Umo kwenye kadi ya kinasa sauti. Efrazia, ukitoka shule mnakilie mjomba wako huo mmoja tu. Kingine chochote usikiguse. Umenisikia?"

"Ndiyo, mama."

Nyimbo za kwenye kadi hiyo hazikuwa za kuchezea. Bibi Ludovika, mwimbaji mkongwe kuliko wote kwayani, alirekodiwa kabla ya kwenda hospitali ya Haydom kupasuliwa uvimbe wa shingoni. Mungu alimsaidia, akapona vizuri. Ila sauti yake ya juu haikurudi. Sasa aliimba sauti ya chini, akiwatania akina baba kwamba amekuja kuwanyang'anya kazi.

Jioni Efrazia alichomeka kadi kwenye kompyuta, akaunganisha saa kwa waya wake, akanakili wimbo. Lakini alipoutafuta kwenye saa hakuuona. Alijaribu tena, ikawa vilevile.

"Faili la aina gani?" Mjomba aliuliza kutoka nje, alikokuwa akinyoosha misuli.

"Limeandikwa FLAC."

"Ahaa. Hiyo ni sauti kamili, haikupunguzwa kitu. Kuna saa zinazoisoma, jamaa yangu mmoja anayo. Hii yangu haitaki. Inataka zile ndogo, MP3. Ligeuze, utaweza?"

Efrazia aliweza. Katika kompyuta kulikuwa na programu ya kazi hiyo. Kwa kuwa alitaka wimbo uchukue nafasi ndogo, alichagua kiwango cha chini kabisa. Faili likanywea na kuwa dogo ajabu, na safari hii saa ikalipokea. Mjomba akavaa hedifoni, akatikisa kichwa kwa furaha na kutoka nje akiimba.

Hapo ndipo Efrazia alipopata wazo lake. Tangu wiki iliyopita mama alikuwa akilalamika kwamba kadi imejaa, na Ijumaa kwaya ilikuwa na mazoezi ya kurekodi. Dirishani aliona rundo la makapi ya maharage waliyoyapepeta juzi. Maharage yenyewe yalikuwa yameenea kwenye gunia, makapi yakawa yanangoja ng'ombe. Akawaza: wimbo mdogo unaimba uleule, basi ule mkubwa ni maharage yenye maganda yake. Kwa nini tutunze maganda?

Akazigeuza nyimbo zote, akaziweka ndogo kwenye kompyuta, kisha akazifuta zile kubwa kwenye kadi. Alipanga kumshangaza mama kwa kadi iliyo wazi. Akairudisha kwenye kinasa sauti, akaenda kukoroga uji wa wadogo zake, roho ikiwa nyeupe.

Ijumaa baada ya shule, walipokuwa wakila makande, mama alikuwa na habari njema.

"Onesphory wa studio ya Haydom amekubali kututengenezea albamu," alisema. "Tena kwa huruma, tutamlipa tukishauza. Jumatatu nitampelekea kadi. Anasema tusimletee zile ndogo za simu, anataka zile kamili. Ndogo zimeshaondolewa vitu vingi ndani, na kilichotupwa hakirudi."

Kijiko cha Efrazia kilisimama. "Hakirudi hata kwa kompyuta?"

"Hata kwa kompyuta, ndivyo alivyosema. Bibi Ludovika nimempa habari kanisani. Anasema sasa hata akikoroma wajukuu watajua zamani aliimba." Mama akacheka, akachukua kinasa sauti na kitenge chake, akaondoka kwenda mazoezini.

Efrazia aliacha chakula. Alikimbilia kwenye kompyuta, akatafuta kila mahali, hata kwenye pipa la taka la kompyuta. Hazikuwepo. Alikumbuka maneno ya mama: kingine chochote usikiguse. Kisha likamjia wazo jingine. Je, akizirudisha zile ndogo kwenye kadi usiku, akanyamaza? Huenda Onesphory angedhani kinasa sauti chenyewe ni kibovu. Wazo hilo halikumpa amani, lakini hakulifukuza.

Mjomba alimkuta uwanjani akipukuchua maharage yaliyobaki. Kwa kumtuza kwa ule wimbo, alimvalisha saa mkononi. "Leo jione nawe mwanariadha," alisema. Akainama kutazama kioo, akakunja uso.

"Mbona mapigo yako hivi? Mimi nikifikia hapa niko katikati ya mlima. Wewe umekaa chini unapukuchua. Nani anakukimbiza, fundi?"

Efrazia alijaribu kucheka, kikatoka kilio. Akasema yote: kadi, makapi, nyimbo zote, hata lile wazo la kunyamaza. Mjomba alichuchumaa mbele yake.

"Baada ya kuzifuta, umeweka kitu kingine kwenye kadi ile?"

"Hapana."

"Una hakika?"

"Kabisa, Mjomba."

"Basi sikiliza. Mwaka juzi nilifuta picha zangu za mashindano. Fundi mmoja wa kompyuta akaniambia kitu kilichofutwa hukaa kwanza palepale kwenye kadi, hakionekani tu. Kinapotea kweli ukirekodi kingine juu yake. Mama yako anarekodi saa ngapi?"

Efrazia alitazama barabara ya kanisani. "Wakishasali. Sasa hivi."

Mjomba alipiga simu. Haikupatikana, mazoezini simu huzimwa. "Naweza kukimbia peke yangu, nitafika haraka," alisema. "Lakini maneno haya si yangu."

"Twende wote," alisema Efrazia.

Walikimbia, Mjomba akipunguza mwendo ili wasiachane. Walipita kwenye mashamba ya ngano, wakavuka kijito, wakapanda. Kila hatua Efrazia alisali kimoyomoyo: Bwana, wasianze. Kutoka mbali alisikia kwaya ikipasha sauti, akaongeza mwendo. Alipoingia mlangoni, mama yake alikuwa ameshakiinua kinasa sauti, kidole kikiwa juu ya kitufe.

"Mama, usibonyeze."

Kwaya yote ikageuka. Hapo mlangoni, akihema, Efrazia alieleza kosa lake. Hakusema "zimefutika." Alisema "nimezifuta." Mama akaketi kwenye benchi kama mtu aliyetua mzigo vibaya. Bibi Ludovika akakohoa.

"Shikamoo, bibi," alisema Efrazia kwa sauti ndogo. "Nisamehe."

"Marahaba, mjukuu wangu. Njoo ukae, utaanguka. Marieta, toa hiyo kadi kwenye mashine, uifunge kwenye leso. Leo tutaimba bila kurekodi. Malaika nao wana masikio."

Watu wakacheka kidogo, na kicheko hicho kikafungua vifua.

Kesho yake, baada ya mama kusali mlangoni, watatu hao, yaani Efrazia, mama na Bibi Ludovika, walipanda basi la Haydom. Onesphory, kijana mpole mwenye studio ya chumba kimoja nyuma ya duka la nguo, aliichomeka kadi kwenye kompyuta yake na kuanzisha programu ya kutafuta vilivyofutwa. Walikaa wakitazama. Mama alishika rozari. Majina yalianza kujitokeza kwenye kioo, moja baada ya jingine, hadi nyimbo zote zikapatikana, isipokuwa mmoja uliofunguka ukikwaruza.

"Huo ni ule ambao jogoo aliwika katikati," alisema Bibi Ludovika. "Aende zake."

Onesphory alimwita Efrazia karibu na spika zake kubwa. Kwanza alipiga ule wimbo mdogo ambao Efrazia alikuja nao kwenye flashi, halafu akapiga ule kamili. Katika ule mdogo sauti ya bibi ilisikika kama iko nyuma ya mlango. Katika ule kamili mlango ulikuwa wazi: alisikika akivuta pumzi kabla ya kupanda, na manyanga ya kwaya yakitikiswa taratibu pembeni.

"Mdogo unatosha kukimbia nao," alisema Onesphory. "Saa ya mjomba wako haihitaji zaidi. Lakini ule kamili ndio mbegu. Kutoka kwake unaweza kutengeneza mdogo wakati wowote. Kutoka kwa mdogo huwezi kurudi."

Bibi Ludovika alikuwa amefumba macho, akijisikiliza. Wimbo ulipokwisha alifuta uso kwa khanga.

"Mama," alisema Efrazia, "nilifikiri nakusaidia."

"Najua," alijibu mama. "Lakini nilikukataza, na ulikuwa hujui ulichokuwa ukikifuta. Usipojua, uliza kwanza. Kuanzia leo nyimbo za kwaya zitanakiliwa mahali pawili, na nakala ya pili utaitunza wewe."

"Mimi? Baada ya haya?"

Bibi Ludovika ndiye aliyejibu. Alimshika mkono. "Wewe, ndiyo. Kukosea tunakosea sote, na Mungu anatuvumilia. Hebu fikiri kama jana ungenyamaza. Tungesimama pale kanisani, watu wanaonipenda, tukaimba kwa furaha juu ya sauti yangu mpaka tukaifuta wenyewe. Nyimbo hizi zimepatikana kwa sababu ulisema mapema, mbele ya watu, na ukiona aibu. Mwanangu, ukikosa, sema kosa lingali bichi. Likifunikwa, hata wanaokutakia mema hawataweza tena kulitengeneza."