Mkono wa Kushoto Ulale Pajani

Fundi alikuwa akipinda ukosi wa shati aliposikia binti yake, chumba cha pili, akipiga piano kwa mikono miwili. Akafurahi. Mkono wa kulia ulipanda do, re, mi, fa, so, ukashuka. Wa kushoto ukaufuata kwa sauti nzito. Kwa mtoto wa miaka tisa mwenye wiki tatu za masomo, hilo si jambo dogo.

"Mwanangu, kumbe umeshaanza mkono wa kushoto!"

"Bado, mama. Mwalimu kasema ulale pajani mwezi mzima."

Fundi akadhani masikio yake yamechoshwa na cherehani. Piano hiyo waliikuta humo ndani walipohamia, nzito kiasi kwamba waliotangulia walishindwa kuihamisha, na tangu siku hiyo binti hakumpa mama yake nafasi ya kupumua mpaka akatafutiwa mwalimu. Mwalimu mwenyewe alikuwa mzee mwembamba ambaye wanafunzi walimwita Taratibu, maana neno hilo halikumwisha mdomoni. Wote aliwafundisha vilevile: kidole gumba ni namba moja, cha mwisho ni tano, kulia kwanza. Kushoto kukae pajani, kiganja juu, kitulie. Haraka haraka haina baraka, alisema, na fundi, ambaye zamani alirukia kushona suruali kabla hajajua kushona foronya, akamwona mtu wa busara.

Alasiri iliyofuata alisimama mlangoni kimya. Jua lilikuwa limejaa chumbani, binti akipiga kwa mkono wa kulia huku wa kushoto umelala pajani kama alivyoagizwa, na upande ule wa sauti nzito, ambako hapakuwa na mtu wala kidole, vibonye vilikuwa vikizama kimoja baada ya kingine na kuinuka tena, na kila kilipozama, kidole kimoja cha ule mkono uliolala kiliinama nacho, gumba, cha pili, cha tatu, na harufu kama ya nywele zilizoungua ikatoka kwenye piano, nzito mpaka fundi akaziba pua, akamrukia mwanawe na kumshika kiganja, akakikuta baridi kama jiwe la kisimani.

"Unaumwa?" alinong'ona.

"Siusikii, mama. Umelala tangu juzi."

Bibi mganga aliitwa siku hiyohiyo, na Taratibu akaja nyuma yake anahema. Bibi aliugusa mkono, akautoa wake upesi.

"Nani kamwambia mtoto auache mkono wazi hivi?"

"Miaka thelathini nafundisha hivyo," Taratibu akajibu kwa sauti ndogo.

"Nyumba nyingine hazina wa kuupokea. Humu yumo jini, tangu kabla hawa hawajahamia. Kinanda alikuwa nacho, mkono hana. Nyie mkamkabidhi, tena kiganja juu, kama mtu anayetoa ufunguo."

"Anatoka?" fundi aliuliza.

"Anatoka. Ila akishaonja mkono, hakai tena bila mkono."

Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Fundi hakuuliza la pili. Aliketi kwenye benchi kushotoni mwa mwanawe, akaweka mkono wake pajani, kiganja juu.

"Mwache mtoto," alisema. "Njoo huku."

Baridi ilimwingia mpaka kwenye kiwiko. Binti akapiga ukelele, akaanza kukunja na kukunjua vidole vyake, analia kwa jinsi joto lilivyokuwa likimrudia.

Wiki mbili zikapita. Binti akawa anapiga kwa mikono miwili, polepole, na anakosea. Kila kosa lilimfurahisha mama yake, maana aliyekosea ni mwanawe mwenyewe.

Fundi alikuwa akishona pindo la sketi, mkono wa kushoto, baridi bado, ukiongoza kitambaa, wakati binti alipokosea fa. Mkono ukakiacha kitambaa. Ukagonga meza kwa kidole kimoja, na kule chumbani kibonye cha fa kikalia sawasawa.

"Mama, nani kanirekebisha? Njoo tupige wote!"

Mkono ukamvuta. Akajishika kwenye kiti, kiti kikaburuzika, ukamvuta tena kuelekea kwenye mlango ambao nyuma yake mtoto wake alikuwa ameketi peke yake, viganja wazi, akimsubiri kwa furaha, na fundi akaelewa kwamba mgeni huyu hakutaka kupiga kwa mkono uliozeeka ilhali mdogo upo. Akaudaka kifundo kwa mkono wa kulia, akaurudisha kwa nguvu zake zote, akaulaza chini ya sindano ya cherehani.

"Endelea tu, mwanangu," alisema kwa sauti ya kawaida. "Mama ana kazi."

Akakanyaga pedali. Sindano ikaupita mkono mara tatu, ikaushonea kwenye kitambaa. Hakusikia maumivu, na damu haikutoka.