Boksi la Saba

Haya yalimkuta rafiki yangu mpiga gita, na sitii chumvi. Tangu kaka yake mpiga besi afariki, alikuwa akipiga peke yake, mapazia yamefungwa, hedifoni masikioni. Mchana mmoja alikuwa akichagua kwenye kompyuta sauti zinazoiga maboksi ya spika, ambazo husikika ukipiga gita tu. Kwenye ya saba alisikia mguu ukihesabu mapigo, ta-pa, ta-pa, kiatu chenye soli iliyobanduka. Kaka aligoma kukishona mpaka anakufa.

"Kaka, umeanza," alinong'ona, akachomoa waya wa gita.

Gita likanyamaza. Mguu ukahesabu hadi nne, walipozoea kuanza pamoja, ukasita. Halafu ukaanza upya, polepole zaidi, kama kaka alivyofanya kila mara mdogo wake alipochelewa kuingia.