Sauti Ndani ya Diski ya Pulchérie

Wanangu, hebu kioneni akilini kibanda cha kurekodia nyimbo pale Nakivale, kambi ya wakimbizi. Ni alasiri, mvua imetoka kunyesha, na msichana mdogo, Élyse, amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa akimsikiliza mama yake.

Mama huyo, Pulchérie, alizikwa Élyse akiwa bado ananyonya. Sauti yake ilikuwa imebaki mahali pamoja tu: ndani ya diski ya kompyuta ambayo baba, Nicodème, aliinunua Mbarara ikiwa imekwisha kutumika. Aliipenda kwa sababu iling'aa. Hakuuliza imefanya kazi kwa muda gani, wala hakuweka nakala kwingine.

Siku hiyo diski ilianza kugonga. Tak. Tak. Kama ukucha kwenye sahani.

"Baba," Élyse alinong'ona, "mama anaimba mu fasi yake, pale walipomuachia."

Nicodème alisikiliza. Ulikuwa wimbo wa mazishi. Kwaya yao ina desturi: mwimbaji akifa, siku ya kumzika wenzake huimba bila mtu kuishika sauti yake, wakiacha pengo wazi. Nicodème mwenyewe alilirekodi pengo hilo, jeneza la Pulchérie likiwa mbele yake. Sasa ndani ya pengo mtu alikuwa anaimba, kwa sauti ya Pulchérie, na kibanda kizima kikaanza kunuka udongo uliotoka kuchimbwa.

Kesho yake alikuwa Mbarara kwa fundi Apollo.

"Mzee, hii inakufa," alisema Apollo. "Hata ng'ombe hatununui kwa kuangalia pembe tu! Diski ya mtumba unapima kwanza. Halafu unaweka vitu kwa mbili, moja kwako, ingine kwa jirani."

"Saidia, ndugu. Ni sauti ya bibi yangu, mama ya Élyse."

Apollo akaanza kunakili kwenye diski mpya. Nyimbo za zamani zilipita zote. Ulipofika ule wa mazishi, diski ikagonga kwa nguvu mpaka Apollo akachomoa waya, lakini mlio haukukoma, uliendelea, tak, tak, ukashuka mezani na kuingia kwenye miguu ya viti, na kutoka ndani ya chuma kile kisicho na umeme wala kipaza sauti ikaja sauti tamu, ya taratibu, ile ile iliyokuwa ikimwamsha Nicodème kila asubuhi kabla ya msiba, ikisema, "Nico, nihamishe na mimi."

"Mzee," Apollo alinong'ona, "waya iko kwa mkono yangu. Zile zingine ziko salama. Hii tuache."

Nicodème alikuwa analia. "Ananiita kwa jina. Nitamukatala namna gani? Weka yote."

Ile ya zamani haikuwaka tena; diski mpya ilikuwa kimya kabisa. Nyumbani, Élyse aliomba wimbo wa Krismasi ambao mama yake aliuongoza. Kwaya ikaanza, na penye sauti ya Pulchérie palikuwa patupu. Nicodème akafungua mwingine, na mwingine. Patupu. Katika wimbo wa mazishi peke yake ndimo alimokuwamo mtu, na waimbaji wengine wote walikuwa wamenyamaza, kana kwamba wanajificha.

Élyse alisikiliza kwa muda, kisha akamshika baba yake mkono.

"Baba, huyu haiko mama."

Ndani ya diski, wimbo ukakatika. Kitu kikacheka kwa sauti ya Pulchérie, ile kiliyoiiba katika nyimbo zote.

Wanangu, nawaomba mkumbuke jambo moja tu: wekeni nakala mapema, diski ikiwa bado nzima, na nyinyi mkiwa bado mnamjua anayeimba ndani yake.