Damu ya Mtoto Adongo

Siku hiyo mjinga alikuwa Sajini Mulongo. Anakiri mwenyewe, tena bila kubembelezwa, maana anasema ujinga ni kama suruali iliyopasuka nyuma: usipoutangaza mapema, wenzako watakutangulia.

Ilikuwa Jumatano, mwezi wa Machi 1999, saa tatu asubuhi. Jana yake barua ya taipu isiyo na jina ilikuwa imefika kituoni, bahasha ikiwa na muhuri wa posta wa Nairobi wa Jumatatu. Ilisema: "Mtoto Adongo, aliye Umoja nyumbani kwa Okinyi wa reli, ameibwa. Mama ni kundi AB. Mtoto ni O. Mwenye AB hazai O. Ulizeni mjue."

Mulongo hakuuliza. Alikuwa ametoka kwenye kozi ya wiki mbili kuhusu ushahidi wa damu, na cheti chake kilikuwa bado kinanukia wino. Alifika Umoja na askari wawili, akadai kadi za kliniki. Mke wa Okinyi, aitwaye Kageha, karani wa reli mwenye miaka arobaini na miwili, alifungua sanduku la chuma mbele yao. Kadi zilikuwepo. Ya mama AB, ya mtoto O. Kageha akaendelea kupekua, akatoa nguo moja moja hadi chini, kisha akakaa kitako sakafuni. Alisema kulikuwa na bahasha ya hospitali ya Uingereza, na sasa haipo.

Mulongo aliisikia hiyo kama visingizio vingine vyote. Akamkamata mbele ya majirani waliokuwa wakianika nguo. Mtoto wa wiki tano akapelekwa wadi ya watoto, na kesi ikapangiwa korti ya Makadara, Alhamisi saa tatu.

"Mtoto huyu umemtoa wapi?" alimuuliza kituoni.

"Tumboni."

"Na damu?"

Kageha alieleza polepole, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia. Miaka kumi na mmoja walikuwa wametafuta mtoto. Mwaka jana yeye na Okinyi waliuza ploti yao wakaenda Uingereza. Huko mwanamke mmoja Mwafrika, ambaye jina lake hawakuambiwa, alijitolea kutoa mayai yake. Daktari alilirutubisha yai moja kwa mbegu ya Okinyi, akalipanda tumboni mwa Kageha. Nyumbani walisema tu kwamba alikwenda kutolewa uvimbe.

"Yai," alisema Mulongo. "La kuku wa kienyeji au wa gredi?"

Askari wawili wakacheka. Kageha hakucheka, wala hakuinamisha macho.

"Cheka umalize, afande. Ukimaliza, niletee mtoto anyonye. Ni saa yake."

Blauzi yake ilikuwa imelowa kifuani, pande zote mbili. Mulongo alidhani amejimwagia maji ya kunywa. Usisahau kwamba mtu huyu alikuwa na cheti.

Saa sita Okinyi alifika kituoni na sare yake ya gadi wa treni, ametoka moja kwa moja kwenye gari la Kisumu. Alirudia maneno yaleyale ya mkewe. Mulongo alimwambia kwamba mume na mke kuimba wimbo mmoja si ushahidi, ni kwaya.

Nyuma ya Okinyi aliingia kaka yake mkubwa, Otiende, mwenye tai na chupa ya chai. Huyu alikuwa mtu wa msaada. Alisema anaishi Makadara, ni karani wa masijala ya baraza la jiji, na kabla ya hapo alifundisha baiolojia miaka tisa. Aliisoma ile barua, akatikisa kichwa, akasema aliyeiandika lazima awe mtaalamu. Kwani nyuma ya nyumba ya Okinyi si kuna mpangaji anayefanya kazi maabara, kijana Dishon?

"Na inasikitisha," aliongeza, "mtoto mwenyewe hata jina hajapewa."

Mulongo alipiga funda la chai akakubali kwamba inasikitisha. Kisha akaenda kumtafuta Dishon.

Dishon alikuwa maabara, na daftari la zamu lilionyesha alikuwa hapo tangu Jumamosi hadi Jumatatu usiku. Alisoma barua mara moja tu.

"Afande, mimi nikiandika O bila kusema chanya au hasi, nitafukuzwa kazi kesho. Huyu anaijua damu ya ubaoni. Ya kwenye chupa hajawahi kuishika."

Akazichukua kadi mkononi mwa Mulongo, akamwonyesha alama. Mama alikuwa AB hasi. Ndiyo maana mtoto alipimwa siku aliyozaliwa, ijulikane kama mama anahitaji sindano ya mwenye damu hasi aliyezaa mtoto wa damu chanya. Mtoto mwenyewe alikuwa O chanya. Mulongo alikuwa ameziona alama zile asubuhi, akadhani ni uchafu wa kalamu.

Hapo ndipo kozi ilipoanza kumtoka kichwani na akili kurudi. Saa nane alikuwa hospitali ya kujifungulia, mbele ya mkunga aitwaye Nthoki, mwanamke mfupi asiyemwogopa mtu mwenye mshahara. Aliuliza kama anamkumbuka Kageha.

"Nilimpokea mtoto kwa mikono hii, saa tisa alasiri," Nthoki alisema. "Mama nikamshona nyuzi nne. Au huko kozini mmefundishwa kwamba mwizi wa mtoto hushonwa?"

Mulongo alirudi kituoni akiwa amevua kofia. Alimwambia Kageha kwamba amekosa.

"Kofia hainyonyeshi," Kageha alisema.

Basi akampeleka wadini, akasimama mlangoni akitazama ukuta huku mtoto akinyonya kwa pupa. Pale mlangoni alimweleza yaliyobaki. Mkunga angethibitisha kwamba alizaa. Lakini mwendesha mashtaka angeinua zile kadi mbili na kusema kwamba mtoto alibadilishwa palepale hospitalini kabla ya kupimwa. Bila bahasha ya Uingereza, mtoto angewekwa nyumba ya watoto hadi kesi iishe, na Makadara kesi huisha mwenye kesi akiwa na mvi.

"Sanduku lilifunguliwa lini mara ya mwisho, mama?"

"Jumapili, saa kumi jioni. Tulikuwa tunampa mtoto jina."

Mtoto alikuwa amelia tangu asubuhi. Kwa desturi ya kina Okinyi, walimtajia majina ya wazee waliokufa, moja baada ya jingine. Walipotaja Adongo, mama yao marehemu, akanyamaza, akalala. Walifunga mlango wakakubaliana jina lisitoke mle chumbani hadi maombi ya Jumamosi. Kisha Kageha akataka mtoto afunikwe shali ya marehemu, iliyokuwa sandukuni chumba cha pili.

"Mlikuwa wangapi?"

"Watatu. Mimi, Okinyi, na shemeji Otiende."

Mulongo aligeuka kutoka ukutani. Barua ilimwita mtoto Adongo. Na mwenye chupa ya chai alisema mtoto hana jina. Okinyi aliondoka na treni ya saa kumi na mbili jioni hiyohiyo, na Jumatatu, siku ya muhuri wa Nairobi, alikuwa Kisumu.

"Shali ilichukuliwa na nani?"

"Shemeji. Nilimpa ufunguo. Alikawia mpaka nikamwita mara mbili."

Saa kumi na mbili jioni wanne walikuwa sebuleni kwa Otiende: Mulongo, Kageha na mtoto mgongoni ndani ya ile shali, aliyetolewa wadini kwa saini ya sajini, Okinyi, na mwenye nyumba. Rafu ilijaa majalada yaliyoandikwa kwa mkono mmoja ulionyooka. Stima. Maji. Kanisa. Mulongo aliyasifu majalada, akasifu na mwandiko. Kisha akauliza kwa nini alidanganya kuhusu jina.

Otiende alisema alisahau.

"Ulisahau jina la mama yako?"

Mulongo alieleza, bila haraka, mambo matatu: jina lililojulikana na watu watatu, damu iliyoandikwa kama ubaoni darasani, na shali iliyochukua muda mrefu kutoka sandukuni.

"Nilidhani umeichoma bahasha," alisema. "Halafu nikakumbuka wewe ni mtu wa masijala. Mtu wa masijala hachomi karatasi."

Alinyoosha mkono akatoa jalada lenye jina Okinyi. Bahasha ya Uingereza ilikuwemo, imetobolewa matundu mawili na kufungwa kwa uzi wa kijani.

Otiende hakukana tena. Alisema aliisoma akiwa amepiga magoti mbele ya sanduku, shali ya mama yake mkononi. Yai la mwanamke asiyejulikana. Na ndani, dakika hiyohiyo, walikuwa wanamwita Adongo. Mama yake alikuwa na ukoo. Alikuwa na damu. Jina lake si kofia ya kuvikwa yeyote anayepita. Alitaka tu mtoto aondoke kabla ya Jumamosi, jina libaki safi.

"Ulijua hakuibwa," alisema Okinyi. Ndilo neno lake la kwanza tangu aingie.

"Nilijua si wetu."

"Umesoma ukurasa wa kwanza," alisema Mulongo. Akafungua wa pili, akausoma taratibu kwa sababu Kiingereza chake kilikuwa cha kazini: mbegu ilikuwa ya mume, Okinyi. Akamuuliza mwalimu wa baiolojia mtoto wa mbegu ya Okinyi ni nani kwa marehemu Adongo.

Otiende aliivuta karatasi karibu. Midomo yake ilihesabu ukoo: mama, mwana, mjukuu.

Mulongo aliitia bahasha mfukoni, akasema kesho saa tatu hakutakuwa na kesi ya mtoto. Itakuwepo ya mtu aliyeiba bahasha na kuwadanganya polisi, na yeye mwenyewe atasimama aeleze alivyodanganyika, wacheke wanaotaka kucheka.

Mtu mwingine angenyamaza hapo. Otiende alikuwa mkubwa wa boma, na kunyamaza hakukuwa kazi aliyoizoea. Alimgeukia Kageha.

"Haya, ni wetu. Lakini wewe je? Huna hata tone la damu kwa huyo mtoto. Siku moja ataijua damu, atakuuliza. Utamwambia nini?"

Kageha alimshusha mtoto mgongoni, akamfunika vizuri na shali ya marehemu.

"Nitamwambia ukweli, shemeji. Kwamba asiye damu yake alimfuata hadi Uingereza, na aliye damu yake alimwitia polisi."